Ngurumo Ikilia, Usimngoje Breda

Kabla hajafunga zipu ya koti, Breda Mlekuž anautazama mlima Rombon. Anautazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani: amemzoea tangu utotoni, jina lake analijua, na bado hampi mgongo.

Ni saa mbili asubuhi mjini Bovec, mwanzoni mwa Julai, na anga la Slovenia ni buluu tupu. Uani pikipiki zimepangwa, masanduku ya pembeni yameshafungwa. Wageni wanapakana mafuta ya jua puani na kupigana picha. Redio ya jikoni imeshasema: jua mpaka jioni.

Breda haamini redio. Begani mwa mlima kimekaa kiwingu kimoja, si kikubwa kuliko kitambaa cha kufutia vyombo.

"Kile pale sikipendi," anamwambia binamu yake Matjaž, mwenye kampuni na kiongozi wa msafara.

"Wewe hata jua hulipendi," Matjaž anamjibu huku akikaza kamba za mizigo. "Ukifika mbinguni utamuuliza Mtakatifu Petro kama kuna makoti ya mvua."

Wageni wanaangua kicheko. Breda naye anacheka kidogo, kwa adabu tu. Anavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, na vidole vinamgomea kwenye kifungo cha juu. Anaogopa, wala hafichi.

"Andika tu kwamba naogopa," anamwambia mwandishi. "Asiyeuogopa mlima huu ni mgeni au ni mjinga. Na mgeni akirudi jioni huwa ameshajifunza."

Kazi ya Breda, mama wa miaka hamsini na mbili, ni kuwa wa mwisho. Matjaž hutangulia, wageni hufuata, yeye hufunga msafara. Kila wanapofika njia panda, Matjaž humwonyesha kidole yule aliye nyuma yake, na huyo husimama pale kando ya barabara, akiwaelekeza wenzake kwa mkono ulionyooka. Haondoki. Wenzake wote watapita, na mwisho kabisa atapita mtu mwenye kizibao cha chungwa. Breda huinua mkono wa kushoto, na aliyesimama huwasha pikipiki yake na kuingia mbele yake.

Kwa utaratibu huo hakuna anayepotea, hata asiyejua kulia na kushoto. Kanuni ilikuwa moja, na hata aliyelewa usiku aliikumbuka asubuhi: usiondoke mpaka Breda apite.

Analipwa yuro tisini kwa siku, kuanzia Mei hadi Oktoba. Majira ya baridi hufua mashuka ya hoteli. Zamani alishona glavu kiwandani, mpaka kiwanda kikafungwa. Kuendesha pikipiki alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa na kipikipiki cha kupelekea maziwa.

"Baba alisema mwanamke akijua kuendesha hatamsubiri mtu," anasema. "Sasa angalia kazi niliyoipata. Watu wananisubiri mimi."

Barabara inayomtoa jasho ni ile ya Vršič, inayouvuka mlima kutoka Kranjska Gora hadi bonde la Trenta kwa kona hamsini. Upande wa Kranjska Gora kona zenyewe zimetandikwa mawe ya kuchongwa, na mawe hayo yakilowa huteleza kama sabuni. Breda ameshawahi kuanza kupanda akiwa na jasho ndani ya buti, akafika juu na barafu kwenye kioo cha helmeti, nao ni mwezi wa Julai. Ameshaona mvua ya mawe ikinyesha kwenye kona tatu tu, juu yake jua na chini yake jua.

"Wageni wananionyesha simu," anasema. "'Breda, tazama, jua!' Nawaambia hiyo ni hali ya hewa ya simu. Ya mlima tutaikuta mlimani."

Basi asubuhi hii, wageni wakiwa bado wanacheka, pikipiki moja kuukuu ya kijivu inaingia uani polepole. Anayeiendesha ni mzee mrefu, mwembamba, aliyekaa wima kama yuko kanisani. Anapovua helmeti, anageuza kichwa ili sikio la kulia liwaelekee watu.

Matjaž anaacha utani wake palepale. Breda anashika ukuta.

Mzee huyo ni Hanzi Ogris, Mslovenia wa upande wa pili wa mpaka, kule Austria. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlinda ishara kwenye kituo kidogo cha reli. Mara ya mwisho kukanyaga ua huu ilikuwa Septemba iliyopita, na aliondoka ndani ya gari la wagonjwa.

Siku ile nayo ilianza na jua. Msafara ulizunguka vizuri, ukapitia Italia, ukala mchana Kranjska Gora, ukaanza kuupanda Vršič ili urudi nyumbani. Juu kabisa, pale kibarabara cha nyumba ya wapanda mlima kinapochepuka, ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Matjaž akamwonyesha Hanzi kidole. Hanzi akashuka, akasimama, akanyoosha mkono kuelekea Trenta.

Wageni wakampita mmoja mmoja. Waliobaki nyuma walikuwa mume na mke kutoka Brno, na Breda nyuma yao.

Hawakufika. Mvua ya mawe iliwakuta katikati ya kona za upande ule, na mume akateleza, akavunjika mfupa wa bega. Radi zilikuwa zinapiga misonobari. Breda aliwaburuta hadi penye paa, akampigia Matjaž, ambaye alikuwa ameshateremka Trenta na kundi.

"Nina majeruhi," alimwambia. "Siwezi kuvuka. Nawarudisha chini, tutazunguka njia ya Italia."

"Sawa," alisema Matjaž. "Angalieni usalama wenu."

Simu ikakatika. Na kati ya maneno hayo machache, mzee mmoja akasahaulika.

"Mimi nilidhani binamu atampandia," Breda anasimulia, na hapa sauti yake inashuka. "Binamu alidhani hakuna mwenye akili zake atakayebaki juu na radi ile. Sote tulidhani. Dhana ikatutosha, mzee akabaki."

Jioni waliketi mezani Bovec, nguo zao zinachuruzika, frika ya jibini na viazi inatoa mvuke. Breda alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka hospitali. Akaona kiti kitupu, na mgongoni mwake hakuna koti lililotundikwa.

"Mzee wa reli yuko wapi?" aliuliza.

Matjaž aliweka kijiko chini. Breda anasema mpaka leo anausikia mlio wa kile kijiko.

Alirudi mlimani bila kuaga, safari hii akipandia upande wa Trenta kwa kuwa ndio wa karibu. Mumewe Silvo alimfuata na gari la mizigo. Mvua ilikuwa imegeuka theluji nyepesi. Kila kona alitazama chini ya ukingo kama kuna pikipiki ya kijivu, akimwomba Mungu asiione, halafu akimwomba aione.

Mzee alikuwa pale pale. Alikuwa ameegemea pikipiki yake, midomo myeusi, mkono wa kulia umenyooka kuelekea Trenta. Nyumba ya wapanda mlima, ingawa ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, ina kibaraza chenye paa, na alikuwa anakiona. Lakini kutoka kibarazani njia panda haionekani. Kwa hiyo hakwenda.

Radi ilikuwa imepiga nguzo ya chuma ya kibao cha njia, hatua chache kutoka aliposimama. "Nilisikia mlio mmoja," Hanzi mwenyewe anaeleza, "halafu upande wa kushoto dunia ikanyamaza. Haijasema kitu tena."

Mgeni mwingine yeyote angekimbia. Mwenyeji yeyote wa huku kwetu angekimbia mapema zaidi. Ilibidi awe mlinda ishara. Watu wa kazi ile wamefundishwa kwamba treni haijapita mpaka umeiona taa nyekundu ya behewa la mwisho, maana usipoiona, huenda mabehewa yamekatika huko nyuma na yako njiani gizani. Asubuhi alipoelezwa habari ya Breda na kizibao chake, Hanzi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa ameshaijua kanuni hiyo kabla Breda hajajifunza kuendesha.

Walimteremsha na gari la Silvo hadi uani, na hapo gari la wagonjwa likamchukua. Baada ya siku ile Breda alikitundika kizibao kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: kukinguruma hata mbali Italia, aliingia stoo, akakaa juu ya gunia la viazi mpaka kupite. Mama yake, bibi Jožefa, ambaye anaishi naye, alikuwa akichoma jikoni kitawi kilichobarikiwa Jumapili ya Matawi, kama watu wa bonde hili wanavyofanya radi ikianza, huku akimsema kupitia mlango.

"We mtoto, toka huko. Viazi vitaota vikikuona."

Matjaž alimbembeleza majira yote ya baridi. Mwishowe akakubali kurudi kwa sharti moja, nalo likawa kanuni ya pili: ngurumo ikilia, usimngoje Breda. Ikilia mara ya kwanza tu, usisubiri ya pili. Washa, teremka, tafuta paa, usiangalie nyuma. Anaisema kila asubuhi, akimshika kila mgeni bega, mpaka wengine wanamkonyeza Matjaž.

Na sasa Hanzi amesimama uani.

"Nimekuja kwa jambo moja," anasema. "Niwekeni pale pale."

"Hapana," anasema Breda.

"Binti, sikiliza."

"Nimesema hapana, mzee Hanzi. Karibu kahawa, karibu chakula, lala hata wiki nzima. Pale juu, hapana."

Lakini Breda anaijua sababu iliyomleta. Wiki iliyopita mke wa Hanzi, bibi Mici, alimpigia simu. Alimweleza kwamba kila kukinguruma, mumewe huamka usingizini, hutoka na nguo za kulalia, husimama getini mkono umenyooka. Huwezi kumrudisha ndani. "Majirani wanadhani anaelekeza ng'ombe," alisema bibi Mici, akajaribu kucheka, kisha akalia.

"Wewe ulinikuta," Hanzi anamwambia Breda sasa, bila hasira. "Hukunipita. Ulikuja kutokea chini, upande ambao treni haitokei. Ukaruka, ukanikumbatia, mkanitia garini. Mkono hukuinua. Kwa hiyo kichwani mwangu bado niko pale. Usiponipita, binti, nitasimama pale mpaka nife."

Matjaž anakuna shingo.

"Dawa ya moto ni moto, Breda," anasema hatimaye kwa sauti ndogo. "Anga safi. Tumpe mzee haki yake."

Breda anamtazama Hanzi, anautazama mlima, anamtazama tena Hanzi. "Niapie, basi. Ngurumo ikilia unaondoka."

"Mlinda ishara haachi ishara."

"Mimi si treni!"

"Kwangu mimi ni treni."

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"La kufa ni hili la kushoto," anasema Hanzi akiligonga kwa kidole. "La kulia linakusikia vizuri sana."

"Basi liniapie hilo."

Hanzi anavaa helmeti. "Nitaona," anasema, na hasemi zaidi ya hapo.

Bibi Jožefa anatokea dirishani na kitawi kikavu mkononi. Anamwita bintiye, anakisokomeza kwenye mfuko wa koti, anaufunga mwenyewe. "Hiki hakizuii radi," anamwambia. "Kinakukumbusha una mama."

Wanaondoka. Mpaka mpakani jua linawachoma migongo. Italia jua. Kranjska Gora wageni wanakula aiskrimu, na Breda amesimama peke yake kwenye maegesho, shingo juu. Kile kiwingu cha asubuhi hakionekani, na hilo linamtisha kuliko kama kingekuwepo. Mara mbili anamwambia Matjaž warudi walikotoka. Mara mbili Matjaž anamwonyesha anga kwa mikono miwili.

Wanaanza kupanda.

Mbele ya Breda yuko mwanamke mmoja wa Hungaria, mpole, mwenye pikipiki kubwa kuliko nguvu zake. Kila kona ya mawe anakaribia kusimama. Wenzake wanapotelea juu, kona baada ya kona, mpaka milio ya injini zao haisikiki. Breda anajua kwamba muda huu Matjaž ameshafika kileleni na ameshanyoosha kidole. Hanzi ameshasimama.

Katikati ya mlima ubaridi unamwingia shingoni kana kwamba mtu amefungua mlango wa friza. Ndege wamenyamaza. Kati ya misonobari mwanga umekuwa wa kijani, kama ndani ya chupa. Breda anayajua haya yote.

Kisha inalia. Si kubwa, ni kama meza inayosukumwa ghorofani. Lakini ni ngurumo, ya kwanza.

"Ondoka, mzee," Breda anasema ndani ya helmeti. "Ondoka, ondoka, ondoka."

Mawe ya mvua yanaanza kudunda barabarani, kwanza moja moja, kisha mengi kwa pamoja. Mwanamke wa Hungaria anasimama katikati ya kona, miguu yote miwili chini, hatikisiki. Breda anashuka, anamwendea, anamshika mkono.

"Siwezi," mwanamke analia. "Siwezi, nitaanguka."

"Utaanguka ukitazama chini. Nitazame mimi. Gia ya kwanza, breki ya mbele usiiguse. Unaliona lile paa? Tunakwenda pale, basi. Ukifika pale umemaliza."

Paa ni la nyumba nyingine ya wapanda mlima, iliyo kwenye msitu, kona mbili juu. Wanafika wakitambaa. Ndani kuna moto, kuna chai. Breda anamkalisha mgeni wake, anamvua glavu, anamwekea kikombe mikononi. Anajaribu simu ya Hanzi. Haina mtandao. Anajaribu ya Matjaž. Hakuna kitu.

Hapo ndipo kanuni yake mwenyewe inapomkaba. Kukinguruma, kila mtu atafute paa, naye paa amelipata. Alichotakiwa kufanya ni kuketi. Mhudumu anamwambia hivyo, mgeni wake anamwambia hivyo, na radi inayopiga juu ya mabati inamwambia hivyo.

"Nilikuwa nauona ule mkono," Breda anasema. "Ule mkono ulionyooka. Nilijua yuko pale kwa sababu yangu, na nikikaa itakuwa mara ya pili."

Anavaa helmeti, anatoka.

Kuhusu kona zilizobaki hapendi kusimulia sana. Mawe ya mvua yalikuwa yamejaa kwenye kona kama mtama uliomwagwa, na tairi la nyuma lilikuwa linakwenda litakako. Mara moja radi ilipiga karibu mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni. Alipiga kelele, anakiri, na aliyemwita ni mama yake.

Juu ukungu ni mzito. Anakiona kwanza kibao cha njia, na nguzo yake mpya inayong'aa. Anasogea. Anainua mkono wa kushoto mapema kabisa, ili mzee auone hata kabla hajamfikia, ili mambo yaishe.

Hakuna mtu.

Mkono unabaki hewani. Hakuna Hanzi, hakuna pikipiki ya kijivu. Breda anazima injini, anaita. Anaita tena. Anakumbuka kwamba upande wa kushoto mzee hasikii, anazunguka upande mwingine wa kibao, anaita kutokea huko, kana kwamba hilo lingesaidia. Anakimbilia kibarazani kwa wapanda mlima: patupu, na mlango bado umefungwa. Anakwenda ukingoni, anapiga magoti, anatazama chini kwenye ukungu.

"Nilijua ameanguka," anasema. "Nikamwona bibi Mici. Nikaona namna nitakavyosimama mlangoni kwake, hata nguo niliyovaa niliiona."

Ni pale alipokuwa amepiga magoti ndipo alipouona mstari. Ulikuwa mmoja, mwembamba, juu ya barafu nyeupe, umetoka kwenye kibao na kuteremka kuelekea Trenta. Alama ya tairi.

Anaufuata. Kona ya kwanza upo. Kona ya pili upo, umepinda vibaya, lakini upo. Chini zaidi barafu inageuka mvua na mstari unafutika. Tangu hapo Breda anateremka kama Septemba ile, anatazama chini ya kila ukingo, anaomba aone na asione. Anasema huo ndio mwendo mrefu kuliko yote aliyowahi kwenda, na Trenta si mbali.

Nje ya nyumba ya kwanza yenye mgahawa, pikipiki ya kijivu imelala ubavu katikati ya maua ya mwenye nyumba. Stendi haikushushwa. Ufunguo bado umo.

Anasukuma mlango.

Hanzi Ogris ameketi karibu na jiko, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto, taulo kichwani, machozi yanamtoka. Matjaž yuko mlangoni amevaa koti, ufunguo mkononi, alikuwa anatoka kumfuata binamu yake. Anamwona Breda, anaegemea ukuta, anafunika uso kwa mikono miwili.

"Nimekimbia, Breda!" mzee anapaza sauti. "Nimekimbia kama mbuzi!"

Breda anamshika mabega, anamtikisa, anamshika uso. Ni wa moto. Ni mzima.

"Ngurumo ya kwanza?" ndicho kitu cha kwanza kinachomtoka.

"Ya pili," anakiri Hanzi. "Ya kwanza nilijifanya sijaisikia, nikaisingizia sikio. Ya pili nikasema, Hanzi, mjinga wewe, hao watu hawana mabehewa. Nikawasha. Kona mbili za mwanzo nililia kwa aibu. Kona ya tatu nikaanza kucheka. Maisha yangu yote, binti, sijawahi kuiacha ishara."

Kisha uso wake unabadilika. Anamtazama Breda kuanzia buti hadi helmeti, maji yanavyomchuruzika, vipande vya barafu kwenye mabega.

"Na wewe umetokea wapi?"

Breda anapangusa barafu mabegani.

"Umepita juu? Na radi ile?" Mzee anasimama ndani ya beseni, maji yanamwagika sakafuni. "Ile kanuni ni ya nani? Si wewe uliyenishika bega asubuhi? Mimi nimekaa hapa roho mkononi, nasema yuko kwenye paa, mwenye kanuni hawezi kuivunja, yuko kwenye paa! Kumbe mwenzangu anatembea na radi!"

"Nilidhani unaningoja," anasema Breda. "Tangu Septemba nadhani unaningoja."

Mwenye nyumba ameacha kukata mkate. Hanzi anashusha pumzi. Kisha, akiwa bado amesimama ndani ya beseni, taulo kichwani, mzee ananyoosha mgongo wake wa reli na kuinua mkono wa kushoto juu, taratibu, vilevile kama Breda anavyofanya njia panda.

Breda aliketi sakafuni pale pale kwenye maji, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Anasema hakujua kuwa na yeye alikuwa bado amesimama kule juu.

Kesho yake asubuhi yuko uani, anakausha buti juani. Mgeni wake wa Hungaria, aliyefuatwa jana jioni radi zilipokwisha, amelala usingizi wa ushindi. Hanzi alirudi kwake jioni ile ile. Rombon ni safi. Simu inaita, naye anaweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ina matope. Ni bibi Mici.

"Usiku kumenguruma huku," anasema bibi Mici. "Kumenguruma hasa. Nikawasha taa nimtazame. Breda, amegeuka, akalilalia lile sikio zima, akakoroma."

Breda anacheka mpaka anaegemea pikipiki. Akimaliza anajifuta macho kwa kiwiko, anautazama tena mlima, maana keshokutwa kuna msafara mwingine na Vršič imo ndani yake. Anakusudia kuendelea mpaka Oktoba, na mwakani, na mwaka mwingine kama magoti yataruhusu. Kanuni ya pili ameiongezea maneno, kwa amri ya Hanzi: inamhusu na Breda.

Anaulizwa kama hofu imekwisha.

"Iishe iende wapi? Naogopa kama jana," anasema, akikifunga kizibao kifungo cha juu. "Ila naomba kitu kimoja tu. Ngurumo ikishalia ikapita, mimi nitoke kwenye paa langu, nipande hadi pale juu, nikute hakuna mtu. Na moyo wangu uniambie: amekimbia."